Uzi maalumu: magemu ya kompyuta yasiyokula bando, tupeane mbinu

Fundi Steshenari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo hapa Sinza. Natoa kopi, nachapa barua, naskani vyeti, na msimu wa maombi ya mikopo ya chuo ukifika foleni inatoka hadi barabarani. Msimu ukiisha nabaki mimi, feni na inzi. Mashine yangu ni ya mtumba, Windows 7, niliichukua Kariakoo. Bando ninaloweka ni la kazi za wateja, kwa hiyo magemu ya kupakua GB 50 nayasikia kwenu tu. Mimi nacheza yaliyokuja na mashine.

Nimefungua uzi kwa sababu watu wanayadharau. Mtu anakuja kutoa kopi, anachungulia skrini, anakuta Solitaire, anakuambia, "Si bahati tu hiyo?" Bahati ipo, sikatai. Ila wengi wanafungwa kwa papara.

Zile safu saba zina karata 28, na 21 kati yake zimelala kifudifudi. Adui yako ni hizo 21, siyo lile fungu la juu. Ukiona hatua mbili zinawezekana, chagua inayofunua karata kwenye safu iliyoficha nyingi, hata kama ile nyingine inapendeza macho. Usiharakishe kuimaliza safu ikawa tupu wakati huna mfalme wa kuweka, maana nafasi hiyo haimpokei mtu mwingine. Ree na mbili zipandishe juu hapohapo, kwenye yale mafungu manne ya kumalizia, lakini ukifika tano na sita punguza mwendo. Utakuja kuitafuta sita nyekundu ibebe tano nyeusi, kumbe ulishaipeleka juu kwa furaha. Na kwa wale wa kufungua karata tatu tatu: ukichukua moja kwenye fungu, zote zilizo nyuma yake zinasogea raundi ijayo. Mara nyingine nachukua karata nisiyo na shida nayo ili tu iliyojificha katikati ijitokeze.

Lakini mimi binafsi nimehamia FreeCell, na nasema hapa bila aibu kwamba ndilo gemu la akili kuliko yote yaliyomo humo. Karata zote 52 ziko wazi tangu mwanzo. Hakuna cha kusingizia. Ukifungwa, umejifunga mwenyewe. Nimeshinda 41 mfululizo, takwimu zipo kwenye mashine, asiyeamini aje Sinza.

Njooni na yenu.

---

Bando Limeisha

Mkuu umenikumbusha mbali. Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa Posta, meza yangu ilitazama ukuta, mlango uko mgongoni. Nikaweka kioo kidogo cha kunyolea pembeni ya skrini, bosi akitokea tu namuona. Siku moja kioo kikaanguka, bosi mwenyewe akaniokotea na kunirudishia mkononi. Hajawahi kusema neno hadi leo.

---

Mzee wa Drafti

Wewe wa kioo, aliyeandika Solitaire alikufikiria. Anaitwa Wes Cherry. Alikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo pale Microsoft, na kazi yake ikaingia kwenye Windows 3.0 mwaka 1990. Aliweka kitufe cha kumkimbia bosi: unakibonyeza, skrini inaonyesha kazi ya uongo. Wakubwa wake wakamwambia akitoe. Na hakulipwa chochote kwa kila nakala iliyouzwa, pamoja na kwamba dunia nzima imejifunza kuburuta mausi kwa karata zake. Mimi mwenyewe nilijifunzia humo, kwenye ofisi moja ya mizigo bandarini. Sasa nimestaafu, nashinda kijiweni na drafti ya vizibo vya soda, jioni nacheza FreeCell.

Mleta uzi, nimeisoma hiyo 41 yako. Hongera.

---

dadawatatu

Naingia na Minesweeper, lile gemu la kukwepa mabomu, kwa sababu naona mnaizunguka.

Mimi nakaa mapokezi usiku kwenye gesti moja huku Kimara. Saa nane usiku hakuna mgeni anayekuja kwa heri, kwa hiyo ukimya ukiwepo nashukuru na nacheza. Nimelipuka mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba zile namba zinaongea zenyewe kwa zenyewe.

Kila mtu anajua namba ni idadi ya mabomu yaliyoizunguka. Watu wasichofanya ni kulinganisha namba mbili zinazopakana. Mfano: kuna 1 imekaa ukingoni kabisa, inagusa vyumba viwili tu vilivyofungwa. Jirani yake nayo ni 1, inagusa vilevile viwili pamoja na cha tatu. Bomu la yule wa ukingoni limo ndani ya vile viwili, na ndilo hilohilo analoliona jirani. Basi cha tatu ni salama, kifungue hata ukiwa unasinzia. Jirani angekuwa 2, cha tatu kingekuwa bomu. Hesabu ya darasa la pili, lakini ilinichukua mwaka.

Ukikuta 1-2-1 zimejipanga mstari mmoja na vyumba vilivyofungwa viko upande mmoja tu, mabomu yako mbele ya zile 1, na mbele ya 2 ni salama. Ikiwa 1-2-2-1, geuza: mabomu yako mbele ya zile 2. Nimeyaandika kwenye kipande cha boksi, nimebandika chini ya kaunta. Mgeni mmoja alikiona akaniuliza kama ni namba za vyumba.

Halafu bendera. Ukishaweka bendera za kutosha kuzunguka namba, bonyeza vitufe vyote viwili vya mausi kwa pamoja juu ya namba hiyo, vyumba vilivyobaki vinafunguka vyenyewe. Unaokoa muda sana. Ila bendera moja ikiwa ya uongo, unalipuka kwa mkono wako.

Ngazi ya kwanza ina vyumba 81 na mabomu 10, ya kati 256 na mabomu 40, ya mabingwa 480 na mabomu 99. Hiyo ya mwisho ni kama bomu moja kila vyumba vitano, na humo kuna mahali akili inagota: vyumba viwili kwenye kona, bomu moja, hakuna namba ya kukuamulia. Wengi wanaiacha kona hiyo mpaka mwisho, wanasafisha kwingine kote dakika nne nzima, halafu wanakufa hapo. Mimi nikishaona hakuna kitakachokuja kuifafanua, nabahatisha palepale. Kama ni kufa nife mapema nianze upya. Lakini kwanza hakikisha kweli haifafanuliki, kwa sababu mara nyingine ile idadi ya mabomu yaliyobaki ndiyo inayokuamulia mwishoni.

---

Kete Nyeusi

Dada, hapo pa akili kugota hata wanahisabati wamepaheshimu. Mwaka 2000 Richard Kaye wa Chuo Kikuu cha Birmingham alionyesha kwamba kuamua kama ubao fulani wa Minesweeper unawezekana ni tatizo la lile kundi gumu linaloitwa NP-kamili. Nasoma kompyuta pale Mlimani. Mwalimu alipotaja Minesweeper nusu ya darasa iliamka.

---

Mlokole wa Tabata

Watu wazima mnajadili karata. Muda huo mngekuwa mmeshafuga hata kuku.

---

Bando Limeisha

Mkuu, umesoma posti zote tano ndiyo ukaandika hii?

---

Mpita Njia 2

Wakuu, mimi nina Windows 10, mbona haya magemu siyaoni?

---

Kete Nyeusi

Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 waliyaondoa kwenye mfumo. Solitaire, Spider na FreeCell utazikuta ndani ya Microsoft Solitaire Collection, ila ina matangazo na ukiwasha data matangazo yanakula bando. Zima intaneti kabla hujaifungua.

---

Fundi Steshenari (mleta uzi)

Dadawatatu, asante sana. Miaka minne sijui habari ya kubonyeza vitufe viwili. Nimejaribu sasa hivi mteja akiwa anasubiri kopi, nikalipuka, mteja akacheka.

Nimeombwa inboksi nieleze FreeCell, naeleza hapahapa. Zile nafasi nne za pembeni mimi naziita vyumba vya wageni. Mgeni mmoja sawa, wawili sawa, wa tatu anza kujiuliza anaondoka lini. Wakijaa wote wanne, mwenye nyumba unalala nje.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta ree na mbili ziko wapi na zimefukiwa na nini. Safu ya kuifukua ni hiyo, hata kama kwingine kuna hatua tamu. Pili, jua uwezo wako wa kubeba: hesabu vyumba vilivyo wazi, ongeza moja. Vyumba vinne vitupu unahamisha karata tano kwa mkupuo, viwili unahamisha tatu. Ukiwa na safu nzima tupu, zidisha mara mbili: tano zinakuwa kumi. Ndiyo maana safu tupu ina thamani kuliko chumba kitupu, na anayekimbilia kuijaza kwa karata yoyote iliyomchosha anachoma mtaji.

Spider ina tabia hiyohiyo ya safu tupu, ila pale pakiti ni mbili, karata 104, safu kumi. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kugawa karata mpya kumi kabla hawajamaliza hatua zote zilizopo mezani. Zile kumi zinakuja kufunika kila kitu. Sina zaidi, Spider ya aina nne inanishinda mpaka leo.

---

dadawatatu

Swali la kiungwana: kwenye hizo 41, ukikosea unarudisha hatua nyuma?

---

Fundi Steshenari (mleta uzi)

Narudisha. Si kitufe kipo?

---

dadawatatu

Haya basi. Minesweeper ukikanyaga umekanyaga. Hiyo 41 yako tuipunguze iwe 20.

---

Bando Limeisha

😂😂 Nimeweka kambi hapa, nani ana karanga?

---

Kete Nyeusi

Mimi namtetea mleta uzi. Kurudisha nyuma kwenye Solitaire ni wizi, kwa sababu unafunua karata iliyofichwa, unaiona, unarudi nayo kichwani. Kwenye FreeCell hakuna kilichofichwa, kwa hiyo hupati habari mpya. Unachookoa ni kumbukumbu tu. Ni kama mtu wa drafti kushika kete, kuifikiria akiwa hewani, akairudisha.

---

Mzee wa Drafti

Kijiweni kwetu ukishika kete umecheza.

FreeCell ya Windows XP ilikuwa inarudi hatua moja tu, basi. Hiyo ya kurudi mpaka mwanzo imekuja baadaye, na ndiyo imezalisha hawa mabingwa wa 41.

Mleta uzi, nikupe kazi ndogo. Bonyeza F3, itakuuliza namba ya gemu. Andika 11982. Ukiimaliza nakuja Sinza kwa nauli yangu, nakununulia chipsi kuku, na soda juu. Rudisha nyuma utakavyo.

---

Fundi Steshenari (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Kesho mchana naweka picha hapa. Kuku awe paja.

---

Mzee wa Drafti

Marahaba. Paja sawa.

---

Baba Kulwa na Doto

Karata siziwezi. Kwangu Mbagala gemu ni moja, Plants vs. Zombies, lile la mwaka 2009 la PopCap. Pacha wangu wanaliita gemu la misukule. Liliingia kwenye mashine kwa flashi na tangu hapo halijaomba bando hata siku moja.

Nimewatazama wanavyocheza nikaona tabia zao zote mbili humo. Unaanza na jua 50. Alizeti inauzwa 50, mrusha njegere 100. Kulwa anasubiri zifike 100 anunue silaha. Doto anapanda alizeti, halafu alizeti, halafu alizeti tena, mpaka safu mbili za nyuma zimejaa, na kila moja inamtemea 25 kila baada ya muda mfupi. Dakika tano baadaye Kulwa anaomba Mungu, Doto anachagua silaha kama yuko dukani. Msukule wa kwanza huwa mmoja na ni mvivu, kwa hiyo una muda. Akianza kusogea mzikie bomu kiazi, la 25 tu, ila lizike mapema kwa sababu linahitaji kama sekunde 15 kabla halijawa tayari. Kulwa hulizika msukule akiwa pua kwa pua, linaliwa bichi.

Usiku jua halidondoki kutoka angani, hapo hamia kwenye uyoga. Kuna ule mdogo wa bure kabisa, uweke mbele uwe chambo. Na yule msukule mwenye ndoo kichwani usimmalizie njegere zako, tafuta uyoga wa sumaku umvue ndoo kwanza.

Zile mashine za kukata majani mwisho wa kila mstari zinafanya kazi mara moja tu. Mwanangu mmoja anazihesabu kama sehemu ya mpango. Simtaji.

---

Mpita Njia 2

Ni Kulwa.

---

Fundi Steshenari (mleta uzi)

Ripoti. Saa nne asubuhi nimeanza 11982. Mpaka saa nane nimekwama mara tisa. Ree zimefukiwa chini kabisa, na kila ninapofukua vyumba vya wageni vinajaa kabla sijafika. Kuna wakati nilibakiza kitu kidogo sana, umeme ukakatika. Sina UPS. Mzee, kuku hajapona, nakuja.

---

Fundi Steshenari (mleta uzi)

Saa mbili usiku. Jaribio la 23. Nimechora safu zote nane kwenye karatasi ya A4 na sasa nazicheza kwa kalamu. Kuna mwanafunzi amekuja kubaindi ripoti yake, amenisaidia kwa nusu saa, akaondoka bila ripoti.

---

dadawatatu

Fundi, nami nimeingia. Nina FreeCell kwenye mashine ya mapokezi. Kuanzia saa tano mpaka alfajiri. Nikifungua safu ya kushoto nafungwa, nikifungua ya kati nafungwa. Mgeni kapiga kengele mara tatu ndiyo nikasikia. Hii namba ina shetani?

---

Fundi Steshenari (mleta uzi)

Siku ya pili. Jana nilikuwa narudisha nyuma mpaka mwanzo ili isihesabiwe kufungwa. Leo mchana, kwa hasira, nimebonyeza kuanza upya, ikaniuliza kama nakubali kushindwa, nikajibu bila kusoma. Mfululizo wa 41 umekufa. Nimekaa naitazama sifuri.

---

Kete Nyeusi

Wakuu nilikuwa kwenye mitihani, ndiyo naingia sasa. Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani kaamka.

Fundi, 11982 haimaliziki.

FreeCell ya zamani ya Windows ilikuwa na magemu 32,000 yenye namba. Mwaka 1994 Dave Ring aliyagawa kwa watu wa kujitolea kupitia intaneti, zaidi ya mia moja, kila mtu na fungu lake. Waliyamaliza yote isipokuwa moja. Baadaye programu za kompyuta zikapita kila njia na kuthibitisha kwamba hiyo moja haina mlango. Ndiyo hiyo 11982. Toleo lako la Windows 7 lina magemu milioni moja, na humo yasiyowezekana ni 8 tu. Mzee amekuchagulia la kwanza kwenye foleni.

---

Bando Limeisha

😂😂😂 Karatasi ya A4 jamani. Na kalamu.

---

dadawatatu

Mzee, mimi nimekosa nini? Mimi sikusema nina 41.

---

Mzee wa Drafti

Wewe binti nakuomba radhi, uliingia mwenyewe kwenye mtego wa mtu mwingine.

Fundi, uliandika hapo juu: ukifungwa, umejifunga mwenyewe. Nikataka kujua hii utajifungaje.

---

Fundi Steshenari (mleta uzi)

Mzee shikamoo tena. Nimekaa kimya saa nzima. Naifuta ile sentensi, tuandike "karibu kila mara umejifunga mwenyewe". Ila na wewe nina namba yako, nimeulizia kwa watu. Kama bado una ile XP, bonyeza F3 uandike -1. Ukiimaliza kuku namnunua mimi.

---

Mzee wa Drafti

Marahaba. Hiyo -1, na ndugu yake -2, nilimpa mhasibu mwenzangu mwaka 1999. Hakuniamkia tena mpaka alipohamishiwa Tanga.

Jumamosi saa saba nitakuwa Sinza. Kuku nalipa mimi, paja kama ulivyosema. Nina vyeti vya wajukuu vya kutoa kopi, utanifanyia bei gani? Na hiyo karatasi ya A4 usiitupe, nataka kuiona.